Viti vya Mama Tatu

Mwezi uliopita nilitoka Mikumi kwenda kumzika Mama Tatu, na waliponikaribisha ndani wakanikalisha kwenye kiti nilichokitambua kabla sijakikalia vizuri. Mkono wake wa kulia ulikuwa na lile kovu la kuungua, mahali ambapo zamani mtu alisahau mshumaa ukiwaka. Mto wake, ingawa umebadilishwa kitambaa sijui mara ngapi, ulikuwa bado unatoa harufu ile ile ya sponji kuukuu na mafuta ya nazi. Nilikaa pale nikiwa nimepakata mkoba, mtu mzima mwenye kazi yake ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni, na nikajiona nimerudi miaka kumi na kitu nyuma, nimeshika sinia la vikombe vya watu.

Nje, akina mama waliokuwa wakichambua mchele wa msiba walikuwa wakizungumza habari za majina mapya ya kaya maskini zinazopewa fedha na serikali. Mmoja alisema siku hizi umaskini umekuwa cheo, watu wanaugombania. Mwingine akasema anamjua aliyeandikwa na huku ana simu ya kupangusa. Wa tatu akahitimisha kwamba ukitaka kumharibu mtu mpe vya bure, atakaa barazani mpaka miguu iote mizizi. Huyo wa tatu namfahamu. Mume wake hupata mbolea ya ruzuku kila msimu, na wala hajaota mizizi, lakini hiyo sijui kwa nini haiitwi vya bure.

Nilikuwa nataka kutoka nimjibu, ndipo Tatu mwenyewe akaja, macho yamevimba, akanishika mkono. "Dada Rehema, ahsante kwa kuja. Bibi yako alimsitiri sana mama. Mpaka anakata roho alikuwa anamtaja kwamba yule bibi alikuwa na moyo." Nikasema amina. Ningesema nini kingine, mtu kafiwa? Lakini kwa kweli nilitamani kucheka, na papo hapo nilitamani kukitupa kile kiti nje ya mlango.

Tulikuwa tunaishi upande wa Mvumi, mimi na Bibi, kwenye nyumba ya fito na udongo iliyoezekwa nyasi. Mama yangu alikuwa ameolewa upya Ruhembe, kwa mwanamume mkata miwa ambaye hakutaka kusikia habari za mtoto wa mwenzake, kwa hiyo mimi nilibaki kwa Bibi kama chungu kilichosahauliwa na mgeni. Bibi alikuwa na kipande cha shamba la mahindi na ufuta, na mvua ikikataa alikwenda kupalilia mashamba ya watu. Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa, na kiuno cha Bibi nacho kilikuwa kimekataa. Tulikula mara moja kwa siku, alasiri, ili njaa ya mchana na ya jioni zikutane hapo hapo ziishe kwa pamoja. Mimi nilikuwa darasa la nne na sikuona ajabu yoyote. Nilidhani watu wote hula alasiri.

Mama Mkubwa, dada yake mama, alikuwa na kibanda cha chakula Dumila, pale mabasi yanaposimama. Kila alipokuja kututembelea alimwambia Bibi neno moja. "Mama, nipe huyu mtoto anisaidie kazi. Hapa utamlisha nini?" Bibi alikuwa akimjibu kwamba mtoto anasoma. Safari ya mwisho alimjibu kwa sauti ndogo zaidi. Alisema kuna fedha za serikali zinakuja kwa wazee wanaolea wajukuu, jina lake limeshaandikwa, na akizipata mtoto anabaki shule, asipozipata basi aje amchukue. Nililisikia hilo kwa masikio yangu mwenyewe nikiwa nje napepeta pumba. Kwa hiyo nisidanganye kwamba sikujua. Nilijua kabisa kwamba kuna orodha, jina la Bibi limo, na likiondolewa mimi naenda Dumila.

Nilichokosea ni kingine. Mwenyekiti wa kitongoji alipita akisema watakuja watu kutoka wilayani kukagua nyumba kwa nyumba, na wale watakaopita ukaguzi ndio watakaobaki kwenye orodha. Mimi ukaguzi niliujua. Shuleni kwetu kila Ijumaa mwalimu wa zamu alikagua madarasa, akatazama sakafu, madirisha, kucha, na darasa lililopita ukaguzi lilipewa kibendera cha njano cha kuning'iniza mlangoni wiki nzima. Nani angeniambia kwamba kuna ukaguzi ambao mchafu ndiye anayeshinda? Nikamwambia Bibi tusifanye mchezo, lazima tuwashinde wote.

Bibi hakunikosoa. Mpaka leo hilo linanikera kuliko yote. Alikuwa mtu mzima, anajua maana ya kaya maskini, lakini naye alikuwa na fikra zake. Aliniambia, "Wageni wa serikali hawapokelewi kwenye vumbi. Wakikuta uchafu watasema huyu bibi ni mvivu, na mvivu hapewi kitu." Na hapo alikuwa amesema kweli tupu, mimi mwenyewe nimeishi kuiona. Maskini akiwa mchafu wanasema kajitakia. Akiwa msafi wanasema anajiweza. Akilia anaigiza, akicheka hana shida. Nimejaribu sana kutafuta katikati ya hayo mahali ambapo mtu maskini anaweza kusimama akaaminika, sijapaona.

Basi tukaanza kazi. Tulikwenda kuchimba udongo mweupe kwenye korongo, tukauloweka, tukaupaka kuta zote kwa kitambaa, ndani na nje, hadi nyumba ikawaka. Bibi alichora ukanda mwekundu chini kuzunguka nyumba nzima, akiwa amepiga magoti na kiuno chake kibovu, akisimama kila hatua mbili kushika ukuta. Sakafu tuliipiga kinyesi cha ng'ombe nilichoomba kwa wafugaji, uwanja tuliufagia kwa mistari. Bado nikivuta pumzi naweza kusikia ile harufu ya udongo mbichi ukikauka, harufu ya mvua bila mvua. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Nililala nikihesabu nyumba za majirani zilizopasuka kuta, nikiwaonea huruma kwa jinsi tutakavyowashinda.

Jioni ya siku ya mwisho Mama Tatu akaja. Alikuwa jirani yetu wa karibu, babu zake waliletwa kulima mkonge wakabaki, na kwa kitongoji chetu alikuwa mtu mwenye vitu. Mume wake alipokuwa hai alimnunulia viti vinne vya mbao vyenye mito, vya kukaa wageni wa maana, vimefunikwa vitambaa vya kufuma. Hata watoto wake hawakuruhusiwa kuvikalia. Sasa akasimama mlangoni kwetu na kusema, "Shikamoo Bibi. Nimeona mnajiandaa. Wageni watakaa wapi? Nikuazime viti."

Bibi akamuuliza, "Na wewe si utapata wageni hao hao?"

"Mimi watakaa kwenye mkeka tu, Bibi. Wewe ni mkubwa wetu."

Vikaja viti vinne, tukavibeba mimi na Tatu vichwani. Kisha ikaja redio yake, iliyofungwa kwa mpira. Baada ya Mama Tatu akaja jirani wa nyuma na chupa ya chai na vikombe sita vya udongo vyenye maua. Kijana mmoja aliyeoa karibuni akaegesha baiskeli yake ukutani kwetu, akasema atakuja kuichukua kesho kutwa, eti apate kupumzika kuiendesha. Mwingine akaleta taa ya sola. Chumba chetu kilijaa nisijue pa kupita. Nikamkumbatia Bibi kiunoni, nikamwambia, "Bibi, watu wanakupenda!" Niliamini kitongoji kizima kimekubaliana kumsaidia Bibi ashinde. Bibi aliniondoa mikono polepole kwa sababu nilikuwa namuumiza, akasema, "Wananipenda sana."

Je, alijua? Nimejiuliza swali hilo hadi limenichosha. Mwanamke aliyeishi miaka sabini na kitu pale, aliyewazalisha nusu ya watu waliobeba vile vitu, angekosaje kujua kwa nini kila mwenye kitu kizuri anataka kitu hicho kilale kwetu? Alijua. Lakini pia alipitisha mkono juu ya mto wa kiti, akakikalia, akaniambia nimletee maji ya kunywa. Akanywa akiwa ameegemea.

Wakaguzi walikuja asubuhi. Mwanamke mmoja mwenye miwani na makaratasi, na mwenyekiti akimtangulia kumwonyesha njia. Bibi alikuwa amevaa doti yake ya khanga ya Idd.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wanangu. Karibuni, karibuni viti."

Walikaa. Yule mwanamke alitazama ukuta, akatazama sakafu, akatazama redio, akaandika. Mimi nilipita na sinia, nikamiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa ya jirani. Bibi alikuwa ameomba kikombe cha unga wa mchele kwa mtu, akakaanga vitumbua. Sisi wenyewe tulikuwa hatujaonja kitumbua tangu mfungo. Mwenyekiti alikula vitatu. Alikuwa anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu, kila siku anapita, anajua tunakalia nini, na alikula vitumbua vitatu huku amekalia kiti cha Mama Tatu bila kupepesa jicho.

Yule mwanamke hakuwa mbaya, nimlaumu kwa lipi. Aliuliza kwa adabu kama karatasi ilivyomwambia. Bibi, nyumba ni yako? Ni yangu, mwanangu. Paa ni la nyasi, naona. Ndiyo, la nyasi. Una baiskeli? Bibi akacheka, akasema yeye na baiskeli wapi na wapi, lakini kwa kuwa baiskeli ilikuwa imesimama pale pale ukutani inametameta, yule mwanamke naye akacheka akaandika. Kisha akauliza, "Na chakula, Bibi? Kwa siku mnakula milo mingapi?"

Bibi akasema, "Tunakula, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

Jibu hilo haliandikiki. Yule mwanamke akanigeukia mimi. "Eti mwanangu? Mnakula mara ngapi?"

Shuleni, mwalimu wa zamu akiuliza nani kapiga mswaki, unanyoosha mkono. Akiuliza nani kaoga, unanyoosha mkono. Hakuna mtoto mwenye akili anayenyamaza akose kibendera. Nikasimama wima na sinia langu, nikasema, "Mara tatu! Na chai ya saa nne!"

Mwenyekiti alikohoa. Bibi alinitazama, na uso wake sikuusoma vizuri siku ile. Nilidhani amefurahi kwa jinsi nilivyosema kwa ufasaha. Yule mwanamke akaandika, akaniambia mimi ni mtoto mwerevu, akashukuru kwa chai. Walipotoka niliwafuata hadi kwa Mama Tatu, nikachungulia uani. Alikuwa ameketi chini kwenye mkeka uliotoboka, amevaa gauni ambalo sikuwahi kumwona nalo, watoto wamemzunguka. Ndani ya nyumba hamkuwa na kitu, hata chungu. Nilimwonea huruma kweli kweli. Nikasema moyoni, masikini, katuazima sisi vyote, sasa yeye atashindwa.

Mkutano wa kijiji ulikuwa Jumamosi ile, uwanja wa shule. Ilikuwa hivi, na nasikia mahali pengine bado ni hivi: jina linasomwa mbele ya watu wote, na watu wote wanaulizwa kama mwenye jina ni maskini kweli. Walioubuni utaratibu huo walifikiri wanakomesha upendeleo. Huenda walikuwa na nia njema. Ila ningependa siku moja wasimame wao, mbele ya wakwe zao, wanafunzi wao na mafundi waliowajengea, mtu asome kwa kipaza sauti kila walicho nacho na wasicho nacho, kisha umati uulizwe. Tuone nia njema itakaa wapi.

Mzee Shomari mwenye duka alikuwa amekaa mbele. Kila jina lililosomwa alilitolea maneno. Huyu angeacha pombe angekuwa na nyumba ya bati. Huyu kwa nini kazaa watoto sita? Yule ana nguvu, akalime. Watu walicheka, kwa sababu alikuwa hodari wa kuchekesha, na kwa sababu nusu yao walikuwa na madeni dukani kwake. Mama Tatu aliposomwa, mwenyekiti akasema taarifa inaonyesha mjane, watoto watano, ndani hakuna samani yoyote. Mnasemaje wananchi? Wananchi wakasema anastahili. Mama Tatu akainamisha kichwa, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Nilipiga makofi kuliko wote.

Kisha mwenyekiti akasema, "Bibi Mwanaidi binti Salum. Taarifa inaonyesha: viti vinne vya mito, redio, baiskeli, taa ya sola, vyombo vya kutosha. Kaya inakula milo mitatu." Alisoma bila kuinua macho. "Wananchi mnasemaje?"

Ndipo nilipoanza kuelewa, polepole. Niliangalia nyuso. Mwenye baiskeli alikuwa anatazama mlima. Jirani wa chupa ya chai alikuwa anamnyonyesha mtoto aliyekwisha kushiba. Mama Tatu alikuwa anachora kitu mchangani kwa kidole cha mguu. Wote walijua. Watu zaidi ya mia walikuwa pale, na sidhani kama kumi walikuwa hawajui.

"Anajiweza huyo!" Mzee Shomari akasema. "Bibi wa watu anakula mara tatu, mimi mwenye duka nakula mbili. Wapewe wenye shida!" Wakacheka.

Nikasimama. "Viti si vya—" Mkono wa Bibi ukanivuta chini kwa nguvu ambayo sikujua anayo, kucha zikanizama kwenye kifundo cha mkono.

Mwenyekiti akakohoa tena kile kikohozi chake. "Bibi, labda una neno. Vitu hivi ni vyako?"

Alikuwa anampa mlango, nakubali. Mlango mwembamba, lakini ulikuwepo. Ilikuwa inatosha Bibi aseme neno moja, si vyangu, na hata asitaje ni vya nani. Bibi akainuka kwa kushika bega langu. Akafunga upya khanga yake, akawatazama watu wote wale, upande mmoja hadi upande wa pili, bila haraka.

"Vyangu," akasema. "Kwani mlidhani mimi wageni nawakalisha wapi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na safari hii kilikuwa kicheko kizuri. Mwenyekiti akafurahi, nilimwona mabega yakishuka kwa kutua mzigo. Akasema tumpigie makofi Bibi kwa uaminifu wake, watu wangekuwa wote kama huyu nchi ingefika mbali. Wakampigia. Mama Tatu alipiga makofi machozi yakimtoka. Na Bibi, akiwa amesimama pale, akitajwa mbele ya kijiji kizima kuwa mtu mwenye viti vinne na redio, alitabasamu. Nilimwona. Nilikuwa chini yake, nikimtazama kwa hasira, na nikaliona lile tabasamu, na sijawahi kumwambia mtu.

Kesho yake asubuhi viti vikaondoka, na redio, na kila kitu. Mama Tatu alisema, "Bibi, Mungu akuzidishie, umenisitiri." Hiyo ndiyo hadithi iliyobaki kitongojini, ndiyo aliyonisimulia Tatu msibani kwa machozi, na mimi mwenyewe niliwahi kuisimulia hivyo hivyo kwa watu wa kazini, kwa sababu ni nzuri na inamaliza mazungumzo vizuri. Lakini siku ile, viti vilipokwisha kutoka na chumba kikabaki na alama za miguu ya viti kwenye sakafu mpya, nilimuuliza Bibi kwa nini. Nilikuwa nalia hata kamasi. Nikamuuliza kama alimhurumia Mama Tatu.

"Mama Tatu ana viti," Bibi akasema. "Mimi nimhurumie kwa lipi?"

"Sasa kwa nini umesema ni vyako?"

Alikuwa anakunja mkeka. Akaacha. "Ulitaka nisimame mbele ya watu wote wale niseme mimi sina hata pa kukalia? Nimewapokea watoto wao kwa mikono hii. Niseme hivyo, kisha kesho nitoke nikateke nao maji?"

"Na shule yangu?"

Akaanza kuongea Kikaguru, kama alivyofanya kila alipotaka nisimwelewe au alipokuwa hajielewi mwenyewe. Nilimkasirikia Bibi kwa miaka mingi, na sasa amekufa bado siku nyingine namkasirikia. Nikimaliza namkasirikia Mama Tatu, halafu mwenyekiti na vitumbua vyake, halafu mtoto yule mwenye sinia anayesema mara tatu. Nazunguka hivyo hivyo nikirudi nilipoanzia. Mtu mmoja tu kati ya wote wale angetakiwa kusema kitu kimoja cha kweli, na kila mmoja wetu alikuwa na sababu yake nzuri ya kutosema. Inanichosha, jamani. Inanichosha zaidi ninapowasikia watu walioshiba wakisema maskini ni waongo. Ni waongo, ndiyo. Nani kawafundisha kwamba ukweli utawalisha?

Mama Mkubwa alikuja wiki ya pili. Dumila nilikaa mwaka na miezi, nikikaanga maandazi na kuosha masufuria alfajiri, kisha nikikimbilia mabasi na beseni la mayai ya kuchemsha kichwani. Mafuta yaliniunguza mkono mara mbili. Mama Mkubwa hakuwa mkatili, alinilisha nikashiba, kweli mara tatu, na hiyo nayo iliniuma nikikumbuka nilivyosema. Siku moja abiria mmoja, mama mnene wa kiti cha dirishani, alikataa kununua. Alimwambia jirani yake, mimi nikisikia, kwamba yeye hanunui kwa watoto, kununua ni kuwaendekeza wazazi wavivu wasiopeleka watoto shule. Akaninyooshea kidole, akasema, "Wewe, rudi shule." Akafunga kioo. Nadhani alisafiri mpaka Dodoma akijisikia vizuri.

Nilirudi shule baadaye, nikiwa nimewazidi wenzangu urefu kwa kichwa kizima, na hiyo ni habari nyingine ndefu. Lakini kabla ya hapo, katikati ya mwaka ule wa Dumila, Mama Mkubwa aliniruhusu kwenda kumwona Bibi siku za Idd. Alinishonea gauni, nikapaka mafuta, mkono ulioungua nikaufunika kwa mtandio. Mimi na Bibi tulikuwa tunatoka kuwatembelea watu, tukakutana njiani na mwalimu wangu wa darasa la nne, amepanda baiskeli. Alishuka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Rehema! Umekuwa. Ulipotea ghafla, nikauliza nikaambiwa umehama."

Nilimtazama. Alikuwa mtu mwema, yule mwalimu. Ningesema neno moja tu, sisomi, naamini angefanya kitu. Angekwenda kwa mwenyekiti, angekwenda hata Dumila kwa baiskeli ile ile. Aliniuliza kwa kunitazama usoni na alingoja jibu. Bibi alikuwa amesimama karibu yangu, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Nimehamia Dumila, mwalimu," nikasema. "Nasoma huko. Mtihani wa juzi nimekuwa wa tatu."

"Wa tatu! Hongera sana. Nilijua tu. Bibi, una mjukuu."

"Ninaye," Bibi akasema.

Mwalimu akanipa mkono, nikampa ule mzima. Akauliza darasa letu lina wanafunzi wangapi, nikamwambia arobaini na wawili. Akauliza na hesabu anafundisha nani. Nikamtajia jina la kondakta mmoja wa basi.

Akasema hamfahamu, ila nimsalimie.